Saa 11 ya Jumamosi



Jumapili ya mwisho ya mwezi Oktoba, Waingereza hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Ni mambo yao ya majira ya baridi. Sisi wa Bagamoyo jua letu linachomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, hatuna haja ya kugusa saa. Lakini ngoja Jumamosi inayofuata, kisha upite Magomeni, Majengo au Dunda, uone jinsi mambo hayo yalivyotufikia. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zilizokuwa zikianza saa 11 jioni, sasa zinaanza saa 12 kamili. Kipindi cha kwanza hakijaisha, jua limeshatua upande wa bara, muadhini anaadhini Magharibi, na banda la mpira limejaa mpaka mlangoni. Wapo wanaoinuka wakaenda kuswali, wakarudi na kukuta mapumziko. Wapo wanaobaki kwenye benchi wakisema wataswali wakitoka. Mzee anayepita na kanzu yake kuelekea msikitini anazitazama pikipiki zilizopangwa nje ya banda, anatikisa kichwa, anapita.

Sikuja kumhukumu mtu kwa sala yake. Mimi mwenyewe ni shabiki, tena wa siku nyingi. Hapa nyumbani ni Mwananchi, yaani Yanga, kijani na njano, na Ulaya naipenda Liverpool. Ninayoyasema leo nayasema kwa mapenzi ya mpira, na kwa uchungu wa kuona Jumamosi yetu inapangwa na watu ambao hawajui kama Bagamoyo ipo.

Tazama na usiku wa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mechi nyingi zinaanza saa 4 usiku, na Ulaya wakishageuza saa zao zinaanza saa 5. Mpaka filimbi ya mwisho ni saa 7 usiku kasoro. Humo bandani yumo mtoto wa kidato cha pili, na kesho yake ni siku ya shule. Yumo dereva wa bodaboda ambaye alfajiri anatakiwa awe kijiweni. Yumo baharia ambaye wenzake watashua ngalawa kabla ya jua. Kila mmoja anaijua hasara yake, na bado anakaa, kwa sababu mechi kubwa haimsubiri mtu.

Sasa nikueleze jambo moja ambalo vijana wengi nikiwaambia hawaamini. Huko huko Uingereza, mechi zinazochezwa Jumamosi saa 9 alasiri, kwa saa zao, hazionyeshwi mubashara kwenye televisheni yao. Kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwao ni mwiko kurusha mpira mubashara siku hiyo. Mtu wa Manchester asiye na tiketi anasikiliza redio au anasubiri usiku aone magoli. Kijana wa Nianjema, kilomita elfu kadhaa kutoka hapo, anaitazama mechi ile ile tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na gharama yake ni noti moja tu ya mlangoni.

Mwiko huo una historia yake. Ulianza miaka ya 1960. Mwenyekiti wa klabu ya Burnley wakati huo alikuwa Bob Lord, mfanyabiashara wa nyama, mtu mkali asiyependa kamera uwanjani kwake. Huyo aliwashawishi wenzake kwamba televisheni ikionyesha mechi kubwa Jumamosi alasiri, watu watakaa majumbani, na klabu ndogo za madaraja ya chini zitakosa viingilio, mwisho zife. Wenzake wakamsikiliza. Mwaka 1964 BBC ilianzisha kipindi chake cha Match of the Day, lakini ilionyesha mechi jioni, tena kwa vipande, watu wakiwa wamesharudi kutoka viwanjani. Zaidi ya miaka 60 imepita, fedha za televisheni zimekuwa mabilioni, na saa ile bado imefungwa. Klabu ndogo ya mji mdogo wa Uingereza ina watu wake pembeni ya uwanja Jumamosi, na mojawapo ya sababu ni hiyo.

Kwa hiyo Waingereza mpira wao wameulinda dhidi ya televisheni yao wenyewe. Sisi saa hiyo hiyo tumeiacha wazi, na anayeumia ni mpira wetu wa hapa.

Twende pale Mwanakalenge siku ya mechi ya ligi ya wilaya. Mechi imepangwa saa 10 jioni. Mwamuzi anapuliza saa 10 na robo, kwa sababu timu moja ilikuwa inasubiri jezi zilizokuwa zimeanikwa. Mistari imechorwa kwa chokaa asubuhi, upande mmoja imeshakanyagwa haionekani. Watu wamezunguka uwanja pande zote nne. Muuza karanga anapita na sinia lake, watoto wameweka ndala chini wamezikalia, na dada mmoja ana ndoo ya barafu za ukwaju. Kipindi cha kwanza ni raha tupu. Winga wa kushoto, kijana anayefanya kazi ya kupaa samaki sokoni, anampiga beki chenga ya mwili, watu wanaingia mpaka ndani ya mstari kwa furaha, mshika kibendera anahangaika kuwarudisha. Filimbi ya mapumziko inalia saa 11 inapotimia. Hapo hapo unasikia pikipiki ya kwanza inawashwa, kisha ya pili, kisha ya tatu. Wanaondoka wawili wawili, watatu watatu, wanakimbilia mabandani. Kipindi cha pili kinaanza na nusu ya watu hawapo. Yule winga anafunga goli lake zuri kuliko yote ya msimu, na anayemkimbilia kumpongeza ni kocha na wachezaji wa akiba. Waliomwona saa moja iliyopita wako gizani, wanamwangalia winga wa Arsenal.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayoyasema leo. Kuanzia Novemba tunapata nafuu kidogo, kwa sababu ya Uingereza inaanza saa 12 na ya kwetu imeshakwisha. Lakini Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, na tunarudi pale pale.

Wapo wanaosema ligi ya wilaya ni ya nini. Nawajibu kwamba hakuna ngazi nyingine. Bingwa wa wilaya anakwenda ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa anakwenda kupambana na mabingwa wa mikoa mingine, na huko ndiko njia ya kupandia mpaka Ligi Kuu inakoanzia. Mkoa wetu wa Pwani ulikuwa na Ruvu Shooting, timu ya jeshi iliyokuwa ikicheza uwanja wa Mabatini pale Mlandizi, na timu kubwa zilikuwa zikienda Mlandizi na kutoka na jasho. Ilishuka daraja mwaka 2023. Leo mtu wa Bagamoyo akitaka kuona mechi ya Ligi Kuu karibu, anapanda gari mpaka Mbweni, uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, ambao uko mkoa wa Dar es Salaam. Wilaya yenye pwani ndefu kama hii, yenye watoto wanaocheza mpira kila jioni, haitapata timu ya kupanda kama waliobaki kuitazama ni wake wa wachezaji.

Nirudi kidogo nyuma, kwa sababu redio hii inanikumbusha. Zamani mpira wa mbali ulitufikia kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Sauti ya Ahmed Jongo, na baadaye ya Charles Hilary, ambaye tulimpoteza mwezi Mei 2025, zilikusanya watu barazani. Redio moja, betri zake zimeanikwa juani mchana kutwa ili ziongeze nguvu, na watu kumi na tano wameizunguka. Mwaka 1993 Simba walipofika fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, walitoka suluhu ugenini, wakaja kufungwa mabao 2 kwa 0 hapa nyumbani. Siku ile hata sisi wa Yanga tulinyamaza, maana barazani palikuwa na wote, na haikuwezekana kumcheka jirani aliyekaa bega kwa bega nawe huku machozi yakimtoka. Msikilizaji wa redio alilazimika kumsikiliza na mwenzake. Ukikosa jina la mfungaji unamuuliza aliye karibu.

Kisha zikaja televisheni, na mitambo ya zamani ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kikawa lazima. Anayeweza kulipia kifurushi anajifungia nyumbani. Asiyeweza anakwenda kibanda umiza. Na kibanda umiza mimi nakiheshimu sana. Mwenye banda ni mjasiriamali kama wengine, kajenga kwa mabati na mbao, kanunua feni mbili na luninga mbili, kaweka ubao nje ulioandikwa kwa chaki mechi za leo na saa zake. Nje ya banda ana maisha ya watu wengine: supu ya pweza, mihogo ya kukaanga, kahawa na kashata. Mtu akiniambia mabanda yafungwe nitampinga.

Ninalolalamikia ni kilichoingia ndani ya banda. Siku hizi kila mtu amekaa na simu yake, na simu inaitangulia luninga. Picha ya setilaiti inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo mwenye bando anaambiwa goli limeingia wakati sisi tunamwona mchezaji bado yuko katikati ya uwanja. Anapiga kelele, goli limekufa kabla halijazaliwa. Hata hivyo simu ingekuwa ni ya habari tu, ningevumilia. Simu imebeba mkeka.

Msikilizaji, kama huna kijana nyumbani labda hujui ninachokisema. Mkeka ni ule ubashiri wa mechi nyingi zilizounganishwa pamoja. Kijana anachagua timu kumi, kumi na mbili, anaweka shilingi elfu moja au mia tano, na zote zikitimia anapata mamilioni. Moja ikiharibu, mkeka umechanika, na ile fedha imekwenda. Kadiri unavyoongeza mechi ndivyo zawadi inavyonona kwenye kioo cha simu, na ndivyo uwezekano wa kuipata unavyokimbia. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa. Chukua mechi ambayo una nafasi nusu kwa nusu ya kupatia. Mbili kwa pamoja, nafasi ni moja kati ya nne. Tatu, moja kati ya nane. Kumi, moja kati ya 1,024. Mwenye kampuni anaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana anaruhusu dau la shilingi mia chache: analipwa na maelfu ya watu ambao mikeka yao imechanika siku moja.

Nimemwona kijana bandani, amevaa jezi ya Yanga, timu inaongoza bao moja, na mpinzani akasawazisha. Yule kijana akaruka kwa furaha. Wenzake wakamgeukia kwa hasira, na yeye akawaonyesha simu: alikuwa amebeti kwamba timu zote mbili zitafunga. Nilishindwa kuitazama mechi baada ya hapo. Timu ambayo babu yake aliipenda tangu ikiwa ya watoto wa mjini waliokuwa wakicheza Jangwani, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, mjukuu amevaa rangi zake kifuani na anaombea ifungwe. Mwingine hatazami goli kabisa, anahesabu kona. Mwingine anaombea kadi nyekundu. Mpira umebaki jina.

Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Lakini simu iliyosajiliwa kwa jina la kaka haimuulizi mdogo wake umri. Na huko mitaani ziko mashine za kutumbukiza sarafu, vijana wanaziita dubwi, zimewekwa kando ya maduka ambako mtoto anatumwa sukari na chumvi. Mtoto anayerudi bila chenji anamwambia mama imeanguka.

Uingereza nako wameumia na hili, tena kabla yetu. Mwezi Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana kuondoa majina ya kampuni za kubeti kifuani mwa jezi za mechi, mwisho ukiwa ni kumalizika kwa msimu wa 2025/26. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2017 kampuni moja ya kubeti iliingia mikataba na Simba na Yanga kwa pamoja, na tangu hapo biashara hiyo imezoea vifua vya watani wote wawili. Najua klabu zinahitaji fedha. Mishahara ya wachezaji wa kigeni hailipwi kwa makofi ya mashabiki. Lakini mtoto wa miaka saba anayevalishwa jezi siku ya Idi anatangaza biashara ambayo sheria inamkataza kuigusa, na viongozi wa klabu zetu hawajatueleza watalimaliza lini. Angalau jezi za watoto zingeachwa bila jina hilo. Hilo haliwagharimu kitu kikubwa.

Nitapita haraka kwenye mengine. Jezi zenyewe: kila msimu mpya kuna ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, na mtoto anataka zote. VAR, ile video ya kumsaidia mwamuzi: siku hizi tunafunga goli halafu tunasimama mikono kichwani kusubiri tuambiwe kama tumefurahi sawasawa. Na pamoja na mashine zote hizo, tarehe 5 Aprili 2024 kule Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la mchezaji wetu Aziz Ki liligonga mwamba na kudundia chini, sisi tukaliona limevuka mstari, goli halikukubaliwa, na Yanga ikatolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns. Kama mashine haimalizi ubishi, basi itupe angalau furaha yetu ya sekunde mbili za mwanzo.

Lakini safari ya uwanjani siwezi kuipita haraka. Mtu wa Bagamoyo anayekwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa, uwanja wetu wa watu 60,000, anatoka mapema na kupita Kerege, Mapinga, Bunju na Tegeta, anashuka Makumbusho, anatafuta gari lingine la kumfikisha Temeke. Mechi ikipangwa saa 10 jioni, anarudi kwake usiku wa kawaida. Ikipangwa saa 3 usiku, inaisha saa 5, na hapo gari la Bagamoyo ni la bahati. Atalala kwa ndugu, au atalala stendi. Saa ya mechi inachaguliwa kwa kumfikiria anayetazama kwenye luninga. Televisheni inalipa fedha nyingi: mkataba wa haki za matangazo uliotiwa saini mwaka 2021 na Azam Media ni wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia klabu, nami nazishukuru. Lakini anayekaa jukwaa la mzunguko na filimbi yake mdomoni ndiye anayeifanya picha ile ipendeze. Uwanja mtupu hauuziki.

Tarehe 8 Machi 2025 Simba na Yanga zilikuwa zikutane Mkapa. Watu walishatoka mikoani, wengine walishalala Dar es Salaam, na mechi ikaahirishwa siku ile ile. Ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, siku ya Jumatano. Yanga tulishinda mabao 2 kwa 0 na tukachukua ubingwa, nami nilifurahi kama Mwananchi yeyote. Hata hivyo nauli ya Machi hakuna aliyeirudisha. Katika mabishano yote yaliyoendelea kwa miezi ile mitatu na zaidi, zilisikika sauti za viongozi, za wanasheria, za wachambuzi. Shabiki aliyetoka Mtwara, Mwanza au hapa Bagamoyo hakuwa na kiti mezani.

Na hapa ndipo ninapowaonea wivu mashabiki wa Uingereza. Si kwa viwanja vyao, ni kwa sauti yao. Tarehe 6 Februari 2016, Liverpool ikicheza nyumbani na Sunderland, jina ambalo wazee wa Simba wanalijua vizuri kwa sababu ndilo klabu yao ililobeba mpaka mwaka 1971, maelfu ya mashabiki waliinuka dakika ya 77 wakatoka nje. Klabu ilikuwa imepanga kuuza baadhi ya tiketi kwa pauni 77. Timu yao ilikuwa inaongoza mabao 2 kwa 0, ikaishia sare ya 2 kwa 2, na hawakujuta. Siku chache baadaye wenye klabu waliomba radhi na kuifuta bei ile. Mwezi Aprili 2021, klabu kubwa sita za Uingereza zilipotangaza kujiunga na ligi mpya ya matajiri wa Ulaya, mashabiki walijaa barabarani, na ndani ya siku mbili zote sita zilikuwa zimejitoa.

Sisi tuna nguvu hiyo, tena Simba na Yanga ni klabu zenye wanachama, zenye matawi, zenye mikutano mikuu. Tawi la Bagamoyo linaweza kuandika barua. Linaweza kusema: mechi za Jumamosi na Jumapili zichezwe saa 10 ili wa mikoani warudi. Linaweza kuuliza juu ya jezi za watoto. Tunachofanya badala yake ni kutukanana kwenye simu, huyu akimwita mwenzake kolo, yule akimwita mwenzake utopolo, na aliyetupangia mechi saa 3 usiku analala vizuri.

Nimalizie pale nilipokuwa naelekea. Mwezi Februari 2020 mabanda ya Bagamoyo yalijaa watu wanaoitazama Aston Villa, timu ambayo wengi hawakuwa na habari nayo. Sababu ilikuwa Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi na Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga tena Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City, ingawa Villa walifungwa mabao 2 kwa 1. Nilisikia watu wazima wakilia bandani. Samatta ametoka Mbagala. Alianzia mchangani, wakamwona watu waliosimama pembeni ya uwanja usio na nyasi, akaenda African Lyon, akaenda Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akaenda Genk ya Ubelgiji. Ile safari yote isingeanza kama jioni ile watu wa Mbagala wangekuwa wote wamekimbilia banda.

Maji yakipwa, nenda ufukweni karibu na soko la samaki. Watoto wanachimbia vijiti viwili huku, viwili kule, wanacheza chandimu peku juu ya mchanga uliolowa, wengine wana mpira wa matambara na kamba. Yuko mtoto mmoja hapo, simtaji jina, hajafika miaka kumi na mbili, anaupokea mpira kwa nje ya mguu na kugeuka nao kwa mguso mmoja. Maji yakijaa wanahamia kwenye uwazi wowote, na uwazi huo kila mwaka unapungua, maana ardhi ya huku imepanda thamani na kila eneo lililo wazi lina mtu anayelipigia hesabu za tofali.

Kwa hiyo nina maombi, na nayapeleka kwa wenyewe. Halmashauri yetu ya wilaya: pimeni viwanja vya michezo vilivyobaki, vya shule na vya vijiji, kuanzia Kaole mpaka Zinga na Kiromo, mvipatie hati kabla havijageuka nyumba za wageni. Chama cha mpira cha wilaya: anzeni mechi saa 9 na nusu, wala msisubiri jezi zikauke, ili saa 11 na robo filimbi ya mwisho iwe imelia. Wazazi, mjue simu ya mtoto ina nini.

Na ninyi wenye mabanda, ambao nimewasifu na nitaendelea kuwasifu. Siku ya mechi ya ligi ya wilaya, kaeni pamoja mkubaliane kwamba hakuna luninga itakayowashwa kwa mechi ya saa 11 mpaka mpira wa hapa umalizike. Ni dakika 15 tu mtakazozikosa za Uingereza, na wateja watakuja wote, kwa sababu mtakuwa mmekubaliana wote. Wekeni ubao wenu wa chaki nje kama kawaida, na juu kabisa, kabla ya Arsenal na Chelsea, andikeni jina la timu mbili za Bagamoyo, uwanja na saa.

Wewe msikilizaji, Jumamosi yenye mechi ya ligi ya wilaya njoo uwanjani, umlete na mwanao, na msiondoke wakati wa mapumziko.